Kampuni ya intaneti haikuwa na kosa: nilivyoutibu mtandao wa ofisi yetu

Nimechoka kusikia vijana wanaotoka chuo wakiambiwa kwamba bila vyeti vitatu vinne vya kimataifa hakuna atakayewapa ofisi waisimamie. Mimi nilipewa ofisi nikiwa na diploma yangu tu, na kilichofanya nithaminiwe pale ni kazi niliyoifanya mchana mmoja wakati wenzangu wamekwenda kula. Naieleza kwa kirefu kwa sababu najua ofisi nyingi hapa Dar zinaumwa ugonjwa huohuo na zinalipia dawa isiyo yake.

Ilikuwa ofisi ya wakala wa forodha, Kurasini, mashine kama thelathini hivi. Anayejua kazi ya kutoa mizigo bandarini anajua maana ya intaneti kukata. Nyaraka haziingii kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha, malipo hayathibitishwi, kontena linaendelea kulala na gharama za kulihifadhi zinapanda. Mteja anampigia bosi, bosi anakuja kusimama mlangoni kwako.

Tatizo lenyewe lilikuwa la ajabu. Asubuhi watu wakiwasha kompyuta, nyingine zinafanya kazi, nyingine hazina intaneti kabisa. Jirani yako anafungua kila kitu, wewe uliyekaa pembeni yake hupati hata ukurasa mmoja. Ukizima na kuwasha, pengine inakubali, pengine inagoma zaidi.

Kabla sijafika walikuwa wameshabadilisha kampuni ya intaneti. Kampuni mpya ikaleta faiba, tatizo likabaki. Wakashauriwa wapandishe kifurushi, wakapandisha, kila mwezi laki kadhaa zaidi, na tatizo likabaki. Fundi mmoja akaja akawaambia seva imechoka, wanunue mpya, milioni nane au tisa. Bosi alikuwa amekwishashika kalamu.

"Mzee," nikamwambia, "naomba unipe mpaka Ijumaa kabla hujatoa hiyo hela."

"Haya binti. Lakini wateja hawasubiri."

Nikaenda moja kwa moja kwa mama wa uhasibu, maana mashine yake ndiyo ilikuwa ikisumbua kuliko zote.

"Shikamoo mama. Naomba nikae hapo kidogo."

"Marahaba mwanangu. Hata ukiibeba uende nayo nyumbani, beba tu."

Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika ipconfig /all. Mtandao wetu anwani zake zilianza na 192.168.10, na njia ya kutokea kwenda nje ilikuwa 192.168.10.1. Mashine ya mama ilikuwa na 192.168.0.104, na njia yake ya kutokea ni 192.168.0.1. Moyo ukanidunda. Mle ofisini hakikuwepo kifaa nilichokijua chenye anwani hiyo. Nikahamia mashine ya jirani yake, ile isiyosumbua: 192.168.10.57. Hapo nikajua intaneti haina kosa lolote.

Kompyuta ikiwashwa haina anwani. Inauliza mtandao mzima, nani ananipa anwani, na yule mgawaji, ndiyo DHCP, anaijibu. Mgawaji anatakiwa awe mmoja. Wakiwa wawili, kompyuta kwa kawaida inamfuata aliyewahi kujibu. Ndiyo sababu balaa lilikuwa asubuhi, wote wanapowasha kwa pamoja. Ndiyo sababu pia mashine zisizozimwa usiku hazikuwahi kuguswa, maana muda wa anwani ukifika nusu, kompyuta inarudi kuomba nyongeza kwa mgawaji wake yuleyule. Kifurushi kikubwa kitasaidia nini hapo? (Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine: mashine imeuliza na hakuna aliyeijibu. Anza na waya.)

Ruta za nyumbani nazo hugawa anwani. Basi kulikuwa na ruta ya mtu mle ndani. Iko wapi? Nilianza kwa kuzunguka na simu nikitafuta jina geni la waifai. Nikazunguka kila chumba, hakuna. Sababu niliijua baadaye: aliyeileta alikuwa ameipa jina lilelile la waifai ya ofisi na nywila ileile, ili simu yake iunganike yenyewe. Njia hiyo ikafa.

Nikarudi kwa mama, nikaandika arp -a, nikapata namba ya MAC ya mgeni wetu, ile namba ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani. Tarakimu sita za mwanzo za namba hiyo humtaja mtengenezaji, na nilipozitafuta likaja jina la watengenezaji wa ruta za nyumbani, hizi zinazouzwa Kariakoo kwa elfu hamsini, sitini. Kwenye ofisi yenye swichi ya kisasa, kile kifaa ambacho nyaya zote za mtandao hukutania, kazi ingeishia hapo. Unaiuliza swichi namba hii iko tundu lipi, inakuambia. Yetu ilikuwa ya kawaida, haiulizwi kitu, na nyaya zake hazikuwa na lebo hata moja.

Nikasubiri saa saba. Watu waliposhuka kwa mama ntilie, nikaiwekea laptopu yangu anwani kwa mkono, 192.168.0.200, ili iweze kuongea na mgeni. Nikaichomeka kwenye swichi, nikaandika ping -t 192.168.0.1, amri ya kumbishia mgeni hodi bila kukoma. Majibu yakaanza kumiminika, mstari juu ya mstari. Nikaiegemeza laptopu juu ya kabati la swichi, nikaanza kuchomoa nyaya, mmoja baada ya mwingine. Chomoa, tazama mistari miwili mitatu, bado anajibu. Chomeka, bandika lebo, hamia unaofuata. Joto la kile chumba wanalijua waliowahi kukaa na swichi mahali pasipo na kiyoyozi. Jasho linashuka, macho yako kwenye mistari.

Nikafika kwenye waya mmoja wa kijivu. Nikauchomoa, mistari ikageuka: hakuna jibu, hakuna jibu. Nikauchomeka, majibu yakarudi. Nikauchomoa tena, hii kwa raha zangu tu, niyaone yakikata.

Ule waya ulikwenda chumba cha mauzo na kupotelea nyuma ya kabati la mafaili. Nikamwita mlinzi tukalivuta kabati. Ruta nyeupe, antena mbili, vumbi limetanda juu yake, taa zinawaka. Na waya wetu ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la manjano, yale manne ya kutolea. Ungechomekwa kwenye lile moja la bluu la kupokelea intaneti, isingemgawia anwani mtu yeyote nje ya chumba kile.

Mwenyewe ni kaka wa mauzo. Alikuwa na hoja: kona ile waifai ya ofisi haikufika, na wateja wake wote wako WhatsApp. Bosi alitaka aandikiwe barua ya onyo, nikamwombea. Nikaingia ndani ya ruta yake, nikazima ugawaji wa anwani, nikaipa 192.168.10.2, anwani iliyo nje ya zile zinazogawiwa, nikauacha waya kwenye tundu lilelile la manjano. Kuanzia hapo ikawa inarusha waifai tu, na chumba cha mauzo kikapata mawimbi safi. Gharama yake haikufika hata nauli ya daladala. Seva ya mamilioni haikununuliwa. Nikaomba laki tatu na kitu tu, ya swichi inayopangika, ile unayoiambia kwamba mgawaji halali yuko tundu hili, na kwingine kote anayejaribu kugawa azuiwe.

Kwenye nyaya napo kuna wizi. Nilipoanza kubadilisha zile chakavu nikaletewa boksi la waya wa mtandao wa Cat6, mita 305, bei nzuri mno. Boksi lilikuwa jepesi, nikashtuka. Kata kipande, menya, chukua wembe ukwangue uzi mmoja. Shaba halisi inabaki nyekundu hata ukikwangua mpaka ndani. Ule ukawa mweupe: alumini iliyopakwa shaba juu. Unaweza kufanya kazi mwanzoni, ila unakatika ovyo kwenye plagi, na kamera zinazopata umeme kupitia waya wa mtandao ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba na hupata joto. Nikalirudisha. Muuzaji akaniambia, "Dada, wote wanachukua huu." Tembea na wembe ukienda kununua. Na usivute waya zaidi ya mita 100 kati ya swichi na mashine, hata fundi akikuapia.

Umeme sitausema sana. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika: sehemu yake ya kuunguzia wino kwenye karatasi ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa mara moja, UPS inalia na kuzima, na seva inaanguka nayo. Nimekuta hivyo ofisi zaidi ya moja.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikawa hoi. Jumatatu nimefika, watu wamejaa mlangoni, na mmoja ameshaizima na kuiwasha ruta kuu mara kadhaa. Nikapima kwa mpangilio wangu wa siku zote: mashine ya jirani inajibu, ruta inajibu, seva ya mafaili inajibu, nje ndiko hakuna kitu. Nikamwambia bosi tatizo liko baharini. Tukawahamishia wanaoshughulika na forodha pekee kwenye laini ya akiba ya kampuni nyingine, wengine wote wakaendelea na mafaili na printa za ndani. Ndiyo maana nabishana na wanaosema kila kitu kihamie kwenye seva za nje, za intaneti, ofisini kusibaki hata seva moja.

Yote haya niliyaandika. Nina kaunta buku niliyonunua siku ya kwanza, na ndani yake kila hitilafu ina tarehe, dalili, nilichopima, nilichokuta na kilichotibu. Nywila siandiki humo, wala majina ya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, daftari linaweza kuibwa kwenye mwendokasi. Kuna ukurasa mzima wa kurejesha mafaili: kila mwezi nachagua faili moja, nalirejesha kutoka kwenye diski ya akiba na kulifungua mbele ya mwenye nalo. Akiba ambayo hujawahi kuirejesha usimhesabie bosi kwamba unayo. Na diski mbili zinazonakiliana ndani ya seva si akiba, kwa kuwa ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote.

Nilipoitwa usaili kwenye kampuni ninayofanya sasa, wenzangu kwenye benchi walikuwa na bahasha za vyeti nene kuliko yangu. Mzee mmoja kwenye jopo akaniuliza: nusu ya mashine zinapata intaneti, nusu hazipati, unaanzia wapi? Nikamwomba ruhusa, nikatoa kaunta buku kwenye mkoba, nikamfungulia ukurasa wenye 192.168.0.104. Akalisoma kimya, akampa wa pembeni yake, naye akampa wa tatu. Maswali yaliyofuata yote yalitoka kwenye daftari langu.

Mshahara ulikaribia kuwa mara mbili ya ule wa Kurasini. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, nimeufanya baada ya hapo, na dola 300 za ada yake alilipa mwajiri. Kwa hiyo dogo uliyeambiwa ukope kwanza ulipie cheti ndipo utafute kazi, mwambie aliyekushauri akuonyeshe swichi ambayo yeye mwenyewe amewahi kuibandika lebo.