Nyumba yenye wenyewe wengi

Kila Jumanne na Ijumaa natoka Milledgeville na barabara namba 22 kwenda Sparta, kaunti ya Hancock, hapa Georgia, kumhudumia bibi mmoja aliyepita miaka tisini. Njiani ni misonobari na magofu. Moja halinipiti bila kuliangalia: nyumba ya mbao ya ghorofa, baraza limelala upande, mti umetoboa bati, na dirishani pazia linaning'inia mpaka leo.

"Waliohama walisahau pazia," nilimwambia bibi.

"Hawakuhama, mwanangu. Walikwenda kaskazini kutafuta kazi, wakakawia."

Sparta ilikuwa na fedha zamani, fedha ya pamba na jasho la watumwa. (Na sisi watu wa pwani tuliivaa pamba ya Kusini hii: ile merikani waliyoivaa mababu zetu ilifumwa Massachusetts, meli za Salem zikaileta Unguja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza huku mwaka 1861, pamba ikakatika na merikani ikaadimika.) Baadaye, kwenye miaka ya 1920, fukusi akaimaliza pamba, na watu, Weusi hasa, wakafuata viwanda vya kaskazini. Mwaka 1910 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 19,000. Sensa ya 2020 haikuwafikisha hata 9,000.

Nilidhani nyumba zinaoza kwa kukosa wenyewe. Kumbe nyingine zinaoza kwa kuwa nao wengi mno. Babu alinunua shamba, akajenga, akafa bila wosia. Mali ikawa ya watoto wote kwa pamoja, bila kugawanywa. Nao wakafa, ikashukia kwa wajukuu, na leo kuna watu arobaini katika miji kumi, kila mmoja ana fungu katika kila ubao na hakuna mwenye hati kwa jina lake. Benki haikopeshi. Anayeezeka anawaezekea binamu asiowajua. Tena ni hatari: mrithi mmoja akiuza fungu lake kwa mgeni, mgeni huyo anaweza kwenda mahakamani kuomba mali yote ipigwe mnada. Ardhi nyingi ya Wamarekani Weusi imepotea kwa mlango huo. Georgia ilipitisha sheria mwaka 2012 ili mali ithaminiwe kwanza na ndugu wapewe nafasi ya kununua. Sawa, lakini sheria haizibi paa.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka nyumba ya babu yangu kule Pangani. Watoto wa wake watatu, kundi la WhatsApp, na mwaka wa nne huu tunabishana nani anunue bati.

Bibi ana mfano wake anaoupenda. David Dickson, tajiri wa pamba wa kaunti hii, alikufa mwaka 1885 akamwachia sehemu kubwa ya mali yake Amanda, binti aliyemzaa na mtumwa wake Julia, naye Julia wakati huo alikuwa bado mtoto. Ndugu wa kizungu wakaenda mahakamani kuupinga wosia. Mwaka 1887 Mahakama Kuu ya Georgia ikampa Amanda ushindi. "Georgia ile!" bibi husema, akigonga meza. "Karatasi iliandikwa vizuri."

Hata jengo la mahakama pale mjini, la miaka ya 1880, liliungua mwaka 2014 zikabaki kuta. Kufika 2016 lilikuwa limesimama tena. Lina mwenyewe mmoja, kaunti, na anajulikana pa kupatikana. Kuhusu majengo kuandikishwa kwenye orodha ya taifa ya urithi, watu hudhani hiyo ni kinga. Si kinga, mwenyewe akitaka kulibomoa kwa fedha zake, orodha haimzuii. Na ule unafuu wa kodi, asilimia 20 ya gharama za kukarabati, ni wa jengo la kuingiza kipato, si nyumba ya kuishi mwenyewe.

Ijumaa iliyopita bibi aliniomba nigeuze kalenda ya mwaka jana, niandike nyuma. Mwanasheria ametaka mti wa ukoo, wazima na wafu. Ndipo nikajua ile nyumba yenye pazia na yeye ana fungu lake. Alitaja majina kwa mpangilio, tumbo kwa tumbo, chai ikapoa. Tulikwama namba 31, mtoto wa dada yake aliyekwenda Detroit. Jina la utani analikumbuka, la kanisani halimjii. Nimeliandika hilo la utani, na mbele yake alama ya kuuliza.