Kukabidhi kazi bila kukabidhi biashara nzima

Mwenye biashara akilalamika kwamba kila anachomwachia mtu kinaharibika, mara nyingi tatizo lilianza siku ya makabidhiano. Mfanyakazi amepewa kazi, lakini haelewi kazi iliyokamilika inafananaje, wala anaruhusiwa kuamua nini peke yake. Kwa hiyo ama anauliza kila dakika, ama anakisia.

Kwa wiki nzima andika kila unachofanya pamoja na dakika zake. Usitegemee kumbukumbu, maana vinavyokula muda ni vile vidogovidogo visivyokumbukwa. Kisha chagua vinavyojirudia. Kazi ya dakika 20 kwa siku, siku 5 kwa wiki, humeza zaidi ya saa 80 kwa mwaka. Ukitumia saa 6 kumfundisha mtu, muda huo umerudi baada ya siku 18 za kazi. Kazi ya mara moja kwa mwaka ifanye mwenyewe yaishe. Kupanga bei, kukopa na kuajiri navyo vibaki kwako, angalau kwa sasa.

Maelekezo usiyaandike wewe. Aliyezoea kazi huruka hatua bila kujijua. Anayejifunza aandike huku akikutazama, halafu aifanye kwa kufuata alichoandika, nawe ukae pembeni kimya (hii ndiyo sehemu ngumu). Akikwama, ujue kuna hatua iliyosahaulika. Aiongeze papo hapo. Na usiishie kusema "tuma ankara kwa wakati". Sema: ankara zote za wiki ziwe zimetumwa Ijumaa kabla ya saa 10 jioni, nakala ziwe kwenye faili, na orodha ya waliopitisha siku 30 bila kulipa ipatikane Jumatatu asubuhi.

Mamlaka yagawe mafungu matatu: anayoamua bila kukuambia, anayoamua kisha akakujulisha, na yanayosubiri kibali chako. Kwa mteja anayetaka kurudishiwa pesa, taja kiasi kamili ambacho mfanyakazi anaweza kuidhinisha. Kiwe hasara ambayo biashara inaimudu bila kuyumba. Ukikiweka chini mno, simu yako haitapumzika, na hapo hujakabidhi chochote.

Pesa zina utaratibu wake. Anayezipokea asiwe ndiye anayelinganisha daftari na taarifa ya benki. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea na kuulipia. Mkiwa wawili tu, kutenganisha yote haiwezekani, basi ulinganishaji wa benki ubaki mikononi mwako. Nywila yako usimpe mtu, hata awe ndugu. Kama benki inaruhusu, mfungulie mtumiaji wake mwenye uwezo wa kuandaa malipo tu, idhini utoe wewe. Utaratibu huu unamlinda na yeye pia: pesa zikipungua, hashukiwi bure.

Ukaguzi uanze mzito, kisha upungue. Wiki ya kwanza angalia kila kitu, baadaye vichache bila taarifa. Stoo, chagua bidhaa 5 kwenye daftari ukazihesabu rafuni, na nyingine 5 rafuni ukazitafute kwenye daftari. Njia ya kwanza hufichua kilichopotea. Ya pili, kilichoingia bila kuandikwa. Wengi hufanya ya kwanza tu.

Ukikuta kosa, usilirekebishe mwenyewe usiku kimyakimya. Mhusika hatalijua, na kesho atalirudia. Mrudishie alisahihishe. Akija na "bosi, tufanyeje?", muulize kwanza yeye anapendekeza nini. Ila akiamua jambo lililo ndani ya mipaka uliyompa, usimfokee hata kama wewe ungeamua vingine, maana baada ya hapo hataamua tena.

Kila kazi iwe na mwenyewe mmoja. Ikiwa na wawili, kila mmoja atadhani mwenzake ameifanya. Pembeni andika jina la atakayeishika siku mwenyewe akiugua, na huyo aifanye walau mara moja kwa mwezi, la sivyo siku hiyo itarudi mezani kwako.