Stendadi ya C iwe huru kwa walimu

Jamani hili suala la stendadi za lugha za programu, yaani hati rasmi za kanuni zake, kuuzwa linaniuma kweli, nalisema kama mtu anayefundisha lugha ya C hapa Mtwara. Stendadi ya C, ile ISO/IEC 9899 inayotolewa na ISO, shirika la kimataifa la stendadi, ndo yenye neno la mwisho. Mwanafunzi akiandika a[i++] = i; kompaila yake (ile programu inayogeuza msimbo kuwa kitu kompyuta inachoweza kuendesha) ikampa jibu moja na ya mwenzake jibu lingine, wanabishana darasa zima, na mimi siwezi kusema tu "msiandike hivyo" nikapita, inabidi niwaonyeshe palipoandikwa kwamba sentensi hiyo haina maana iliyowekwa, kompaila inaweza kufanya lolote na ikawa haijakosea.

Sasa hapo palipoandikwa panauzwa na ISO kule Geneva, zaidi ya faranga 100 za Uswisi kwa nakala moja, na ukishanunua huruhusiwi kuipeleka steshenari ukatoa fotokopi za darasa. Huku kusini kuna wazazi wanasubiri korosho ziende mnadani ndo wamalizie ada, hiyo hela itoke wapi? Na wataalamu wanaokaa kwenye kamati kuiandika hawalipwi na ISO, wanagharamiwa na makampuni yao au wanajitolea.

Najua rasimu zipo za bure, N1570 ya mwaka 2011 ndo naitumia mpaka leo, PDF ya kurasa 701 na inatosha kabisa kwa C11, toleo la C la mwaka huo. Ila kusoma bure ni kitu kimoja, kuchukua sura nzima ukaitafsiri Kiswahili ukawagawia vijana wa Masasi na Newala ni kitu kingine, hapo unahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Na inawezekana bwana! Lugha ya programu iitwayo Ada nayo ina stendadi ya ISO, namba 8652, lakini mwongozo wake una tamko wazi kwamba unaweza kuunakili wote au kipande, hata kuubadilisha, mradi mabadiliko yaonekane na tamko lenyewe libaki lilivyo. JavaScript je? Stendadi yake, ECMA-262, unaidaunilodi bure kwa Ecma, shirika lingine la stendadi, na Ecma nao wako Geneva hukohuko.

Mimi naomba tamko kama la Ada liwekwe kwenye C, basi. Likiwekwa naanza kutafsiri kifungu cha 6.5 cha stendadi ya C, maana maswali mengi ya wanafunzi wangu yanatokea hapo.