Nilivyotuliza gesi na tumbo kujaa kwa dawa

Kwa miaka kadhaa tumbo langu lilikuwa likijaa gesi kila alasiri. Asubuhi nilifunga sketi bila shida, lakini ikifika saa tisa kiuno kilikuwa kimebana kiasi cha kunilazimu kufungua kishikizo nikiwa nimekaa mezani pangu ofisini, huku tumbo likiunguruma na maumivu ya kuchoma yakihama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Wenzangu waliniambia kwamba hivyo ni vidonda vya tumbo, kama ambavyo wengi wetu hapa Tanzania tunavyoita karibu kila maumivu ya sehemu hiyo, na kila mmoja alikuwa na jina la kidonge cha kunipendekezea.

Nilianza kwa daktari, na ningemshauri kila mtu aanzie huko. Aliniuliza kama nimepungua uzito, kama nimeona damu kwenye choo, kama natapika au napata shida kumeza, kisha akaagiza choo kipimwe ili kutafuta bakteria wa Helicobacter pylori, ambao huweza kuleta vidonda vya tumbo, pamoja na giardia, kimelea ambacho kinaweza kulijaza tumbo gesi kwa wiki nyingi. Majibu yalikuja safi. Hapo ndipo nilipopata utulivu wa kutafuta dawa ya kunipunguzia adha, kwa kuwa nilijua kwamba sifuniki ugonjwa mwingine.

Katika duka la dawa nilihudumiwa na mfamasia ambaye hakuwa na haraka. Nilipomweleza hali yangu, alitoa vidonge vya kutafuna vya simethikoni na kuniambia, "Dada, dawa hii haizuii gesi isitengenezwe. Inashughulika na ile iliyokwisha kuwamo." Alieleza kwamba gesi tumboni mara nyingi hukaa kama povu la sabuni, yaani viputo vidogo vingi vilivyoshikamana, na kwamba simethikoni hulegeza ngozi ya viputo hivyo hadi vikaungana kuwa vikubwa, ambavyo ni rahisi kutoka kwa kubeua au kujamba. Dawa yenyewe haiingii kwenye damu. Hupita na kutoka na choo kama ilivyoingia. Maelezo hayo yalinisaidia kuliko kidonge chenyewe, kwa sababu yalinionyesha nitegemee nini na nisitegemee nini.

Vyangu vilikuwa vya miligramu 80. Nilitafuna kimoja baada ya chakula cha mchana na, siku ambazo tumbo lilisumbua, kingine kabla ya kulala, nikihakikisha kwamba kimesagika kabisa mdomoni ndipo nikimeze, maana kidonge cha kutafuna kikimezwa kizima hakisambai vizuri. Kina ladha ya mnanaa na huacha unga kama chaki kwenye meno. Kwa mtu mzima, kiwango cha juu kwa siku nzima ni miligramu 500, nami sikuwahi kukikaribia. Kwa upande wangu, mbano ulikuwa ukilegea kabla ya muda wa kutoka kazini. Najua wapo wasiopata nafuu hiyo, na matokeo ya tafiti kuhusu dawa hii hayafanani, kwa hiyo nazungumzia mwili wangu tu.

Vidonge vingine vinavyouzwa kwa ajili ya gesi huchanganya simethikoni na dawa za kupunguza asidi zenye magnesiamu au alumini, na hizo zinahitaji uangalifu zaidi: magnesiamu yaweza kuharisha, alumini yaweza kufunga choo, na zote mbili huzuia dawa nyingine kama doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria) na madini ya chuma kufyonzwa ipasavyo. Mama yangu mdogo, ambaye anatumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni, aliambiwa aache saa nne kati ya dawa yake na vidonge vya namna hii, hata simethikoni yenyewe. Vidonge vya mkaa sikuvitumia, kwa kuwa mkaa hunasa pia dawa nyingine unazomeza.

Kwa kuwa kidonge hakigusi chanzo, nilianza kuandika nilichokula. Chai ya maziwa ya saa nne ndiyo iliyonisumbua zaidi. Watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa, na sukari hiyo ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huichachusha na kutoa gesi. Nilihamia chai ya rangi, ingawa mtindi unanikubali. Maharage na makande sikuyaacha, kwa maana ni chakula chetu cha nyumbani, ila sasa naloweka maharage usiku kucha, namwaga maji yale na kuyachemsha kwa maji mapya. Tangu hapo vidonge vimebaki vya siku za shughuli, pale ninapokula nisichopika mwenyewe.

Dada yangu mkubwa, ambaye amevuka miaka 50, hivi karibuni aliniomba vidonge hivyo kwa sababu tumbo lake limejaa mfululizo na anashiba upesi. Sikumpa. Kwa mwanamke wa umri wake, tumbo kujaa kusikokoma kwaweza kuwa dalili ya saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, na nimemwomba aende hospitali kupimwa wiki hii, nami nitamsindikiza.