Mzee wa Penseli

Juzi binti wa dada yangu kanitumia picha kutoka maktaba. Pichani yumo rafiki yake: kalalia kompyuta yake ya mapajani, mdomo wazi, kitenge mabegani, na nyuma yake meza zimepangwa mpaka macho yanachoka. Chini kaandika, "Mamdogo, na enzi zenu mlikuwa mnalala maktaba?"

Enzi zetu. Utadhani nilisoma darasa moja na Mkwawa.

Yeye anasoma kwenye ile maktaba mpya ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ambayo hayati Magufuli aliizindua Novemba 2018. Mita za mraba 20,000, nafasi ya vitabu 800,000, Taasisi ya Confucius iko humo humo. Nilimsindikiza siku moja nikapotea, ikabidi nimpigie simu aje anichukue kwenye ngazi. Kizazi chake hakioni ajabu mtu kusinzia juu ya kitabu. Ndiye aliyenitumia habari kwamba Chuo Kikuu cha Michigan, kule Marekani, mwaka 2014 kiliweka vitanda ndani ya maktaba yake ya Shapiro ili wanafunzi wajinyooshe kidogo kisha warudi kwenye vitabu. Vitanda! Nilipoisoma nilimkumbuka Mzee wa Penseli, nikacheka peke yangu kwenye daladala hadi kondakta akaniangalia.

Sisi tulikuwa maktaba ya zamani, na humo usingizi ulikuwa na mlinzi wake. Jina lake hatukulijua. Shati jeupe la mikono mifupi, miwani iliyofungwa kamba, viatu visivyotoa mlio, na penseli. Kazi yake, kwa tulivyoielewa sisi, ilikuwa kupita katikati ya meza akitafuta waliopitiwa. Akimpata mmoja, haongei. Anageuza penseli upande wa kifutio na kugonga meza karibu na sikio lako: ko, ko. Mara mbili tu. Unaamka umekwishaanza kusoma, hata kama kitabu umekishika juu chini. Nimemwona akimgonga mtu wa uzamili, mwenye mvi, na mtu wa uzamili akasema "samahani" kama mtoto wa darasa la tatu.

Aliyetaka kubishana, kucheka au kula mihogo alikwenda kwenye vimbweta, vile viti vya zege vya nje. Huko ndiko elimu yetu nyingi ilikopatikana, sitaficha: watu sita juu ya zege linalochoma, desa moja la notisi linazungushwa, mmoja anaeleza na watano wanajifanya wameelewa, na juu ya mti ngedere anapigia mahesabu andazi lako. Lakini kimbweta hakikupi kitabu. Kitabu kilikuwa ndani, Special Reserve: unaacha kitambulisho, unapewa saa mbili, na nyuma yako wamejipanga wenzako wanaokihitaji hicho hicho, wakikuombea ushindwe kusoma haraka.

Basi ni mwaka 2006, mwaka wa mgawo wa umeme. Wenye umri wangu hawahitaji maelezo. Mvua zilikuwa zimegoma, bwawa la Mtera limekauka, na kila mtaa una ratiba yake ya giza. UE, mitihani ya chuo, zimekaribia, watu wamekonda. Mimi niko dirishani ghorofani, mahali pangu pa siku zote. Mbele yangu, upande wa pili wa meza, yuko Mwalimu.

Mwalimu tulisoma naye kozi moja. Alikuwa amefundisha sekondari Kigoma miaka mingi kwa diploma kabla ya kuja kutafuta digrii, na alituzidi umri kiasi kwamba wengine walimwamkia shikamoo naye akaitikia bila kuona haya. Bodi ya Mikopo ilikuwa changa, imeanza kazi mwaka mmoja tu nyuma. Boom, yaani hela ya mkopo, likitoka, sisi tunakimbilia Mwenge kununua viatu. Yeye anatafuta mtu anayepanda treni ampe bahasha ya mkewe. M-Pesa ilikuwa bado, ilikuja 2008. Na kwa kuwa hela yote ilikwenda na treni, yeye mwenyewe alikuwa anabebwa. Aliyepita chuo anajua maana yake. Alilala chumba cha mpwa wake, mtoto wa mwaka wa kwanza, kitanda cha futi mbili na nusu, mzungu wa nne, na mpwa mwenyewe alikuwa anapiga mateke usingizini.

Alikuwa ameshika kitabu cha mwanahistoria Walter Rodney, kile alichokiandika akiwa mhadhiri hapo hapo Mlimani, kikatoka mwaka 1972. Nakala hiyo ilikuwa na gundi ya karatasi mgongoni na mistari ya penseli ya vizazi vyote vilivyotangulia. Ukurasa mwingine ulikuwa umepigiwa mistari yote, kwa hiyo hujui aliyepiga alitaka nini. Mwalimu alikipata baada ya kusota kwenye foleni asubuhi nzima.

Saa nane hivi umeme ukakatika. Feni zikapunguza mwendo, zikazunguka kivivu, zikasimama. Joto likashuka juu yetu. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Nilipoinua macho, shavu la Mwalimu lilikuwa juu ya kitabu.

Nikamwona Mzee wa Penseli anakuja.

Alitokea upande wa kabati za historia. Akagonga meza ya kwanza, ko, ko, msichana mmoja akakurupuka. Akasogea. Nilitaka kumpiga Mwalimu teke chini ya meza, lakini meza zile zilikuwa pana na miguu yangu mifupi. Mzee akafika, akasimama nyuma yake, akainua penseli. Nikasubiri mlio.

Haukuja. Penseli ilibaki hewani. Aliinama kidogo akamwangalia Mwalimu usoni, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumwangalia yeyote kati yetu. Kola ya shati la Mwalimu ilikuwa imegeuzwa, unajua, ile ya kufumua fundi akaishonea ndani nje baada ya upande mmoja kuchakaa. Sijui kama aliiona. Mimi niliiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimekaa na mtu huyu karibu mwaka mzima.

Penseli akaichomeka nyuma ya sikio. Akapeleka kiganja chini ya shavu la Mwalimu, akakiinua kichwa polepole kama anayemhamisha mtoto aliyelala mkekani, na kwa mkono wa pili akakivuta kitabu. Kilitoka kidogo kidogo, ukurasa umenata kwenye ngozi. Akakiegemeza tumboni, akavuta kaunta buku ya Mwalimu mwenyewe, akaisukuma mahali pa kitabu, akakilaza kichwa juu yake. Kisha akatoa leso mfukoni, akaufuta ukurasa, akaupepea, akaufuta tena. Jasho au mate, sijui.

Hakuna aliyepumua. Meza nzima tulikuwa tunatazama.

Akageuka. Macho yake yakakutana na yangu. Akachukua penseli sikioni, akanyoosha mkono, akagonga upande wangu wa meza: ko, ko.

"Binti," akasema, "soma."

Mimi, niliyekuwa macho!

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwalimu alizinduka saa kumi kasoro, akapapasa meza, akaona hakuna kitabu. Uso wake ulibadilika rangi, maana kitabu cha Special Reserve kikikupotelea mikononi utakilipia, na yeye hela yake ilikuwa Kigoma. Nilijaribu kumweleza kwa mnong'ono, hakungoja. Akashuka ngazi mbili mbili mpaka kaunta, akakuta kitambulisho chake kiko tayari kinamsubiri. Kitabu kimesharudishwa, kimeshachukuliwa na mwingine, na foleni imefika mlangoni.

Alikasirika siku mbili. Mimi nilimwambia yule mzee amekuhurumia, kakuacha ulale. Yeye akasema mzee alihurumia kitabu. "Angenihurumia mimi, angeniamsha. Mimi nilikuja kusoma, mdogo wangu. Kulala naweza kulala hata kituo cha Ubungo." Tulibishana hilo kwenye kimbweta mpaka wengine wakaingilia, wakagawanyika makundi mawili, wasichana upande wangu, wavulana upande wake, na hatukusoma kitu jioni ile. Mtihani ukafanyika, ukapita. Mwalimu hakupata sup, mtihani wa kurudia, hata moja. Mimi sitaki kuulizwa.

Kwa miaka yote nimekaa na jibu langu, huruma, na nimelisimulia hivyo kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Picha ya juzi ilinifanya nimpigie Mwalimu. Sasa ni mkuu wa shule huko huko magharibi, na nyuma yake nilisikia kengele na watoto wanakimbia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za Dar?"

Tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Nikamkumbusha Mzee wa Penseli, akacheka sana. Nikamwambia hebu leo tumalize ule ubishi, alikuhurumia au hakukuhurumia? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema pale kimbwetani, mbele ya wale wavulana wote waliokuwa upande wake.

"Nilikuwa macho."

"Lini?"

"Aliponiinua kichwa. Niliamka alipogusa shavu. Nikafumba macho."

"Kwa nini sasa?"

"Mtu mzima ananyanyuliwa kichwa mbele ya watoto, ningefumbua niseme nini? Nikasema acha amalize. Na mkono wake ulikuwa wa baridi, joto lile unalikumbuka. Nikajikuta nimelala kweli."

Nikataka kumwambia basi nimeshinda mimi. Nikajizuia, maana sikuwa na uhakika nimeshinda nini. Mtu anayejifanya amelala ili asimwaibishe anayemhurumia, au ili asiaibike yeye, kisha anakasirika siku mbili: huyo kundi lake ni lipi?

"Ila kitabu alinionea," akaongeza, sauti imerudi ya mkuu wa shule. "Sura ile nilikuwa katikati. Mpaka leo nafundisha historia sijui inaishaje."

"Na swali la sura ile lilikuja?"

"Lilikuja. Nikaliruka."