Kiberiti cha gesi cha siga kwenye baridi ya Mbeya

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na baridi ya Juni na Julai hupunguza msukumo wa butani (gesi iliyomo ndani ya kiberiti), hivyo kiberiti cha mwali mkali hutoa cheche bila kuwaka. Kipashe kiganjani, kisha punguza gesi kwa skrubu ya chini. Wengi huongeza, ndipo kinapozidi kugoma.

Kabla ya kujaza, bonyeza vali ya kujazia gesi, iliyo chini ya kiberiti, kwa bisibisi ndogo hadi mlio uishe. Hewa iliyonaswa ndani huzuia gesi kuingia. Geuza kiberiti, simamisha kopo la gesi juu yake, bonyeza wima sekunde 5. Subiri dakika 5. Fanyia nje, mbali na jiko la mkaa.

Unanunua? Tundu moja la mwali latosha. Matatu hula gesi na kuunguza siga.