Port nyekundu: nilianza na keki nikakosea, jibini la chumvi ndo lilinifungua macho

Mimi nilijiambia hivi, Port ni waini tamu ya Ureno, basi inywewe na kitu kitamu, yaishe. Nikaoka keki, nikaimwagia chokleti ya maziwa juu, sukari kibao. Nikala kipande nikashushia na Port, aisee, ile waini ikawa kama si ile niliyoionja dakika tano nyuma, utamu wote umeyeyuka, kimebaki ukakasi kama wa tunda bichi na pombe inachoma koo. Nikadhani nimeuziwa chupa mbovu.

Chupa ilikuwa nzima. Nilikuja kuelewa nilipojua inavyotengenezwa kule bonde la Douro, Ureno. Zabibu zinaachwa zichachuke siku mbili tatu tu, halafu kabla sukari haijaisha wanamimina pombe kali ya zabibu, ya kama asilimia 77, hamira inakufa palepale na sukari iliyobaki inabaki humohumo, ndo maana ina kilevi cha asilimia 19 mpaka 22 na bado ni tamu. Sasa ukitangulia kula kitu kitamu kuliko yenyewe, ulimi unakuwa ushazoea sukari, hausikii tena utamu wa waini, unasikia ukakasi na pombe. Keki yangu iliizidi nguvu, basi.

Nikageuza mpango, nikatafuta jibini la bluu, lile lenye ukungu ndani, linaitwa Stilton, lile Waingereza wanalipenda sana na Port. Harufu yake kali kweli na nusura niahirishe. Nikaweka kipande kidogo mdomoni, nikakiacha kilainike chenyewe mpaka chumvi ikatanda ulimi mzima, ndo nikapiga funda. Jamani! Yale matunda meusi yakajaa mdomoni, ukakasi hakuna kwa sababu mafuta ya jibini yameutuliza, na ile chumvi ndo imeinua utamu. Nikarudia mara tatu nihakikishe, ikawa vilevile.

Kuanzia hapo chokleti sikuiacha ila nilihamia nyeusi, ya asilimia 70 kwenda juu, uchungu wake unakaa vizuri sana na Port aina ya ruby, ile changa yenye rangi ya damu ya mzee. Wafaransa nao wana Banyuls, nyekundu ya zabibu za Grenache iliyoongezwa pombe vilevile, na kwa chokleti nyeusi mimi naipa hiyo namba moja. Steki yenye pilipili manga nayo inakubaliana na Port, lakini pilipili kali ya kuwasha usithubutu, pombe inauchochea moto.

Port aina ya tawny ni habari nyingine. Hiyo imekaa miaka kwenye mapipa ya mbao, kuna ya miaka 10, 20, hata 40, wekundu umefifia umekuwa kama hudhurungi na ladha ni ya karameli na karanga. Hapa lozi za kukaanga zenye chumvi kidogo, au tini zilizokaushwa. Naiweka friji kwanza ipoe, ikinywewa ya vuguvugu pombe inatangulia puani. Namimina kidogo tu, nusu ya kiasi cha waini ya kawaida, chupa naifunga nairudisha friji, tawny inavumilia wiki kadhaa ila ruby naimaliza mapema zaidi maana matunda yake yanafifia haraka.